Kijidudu Ninachokiombea Uhai

Alhamisi, 19 Mei 2016

Nimeshushiwa mpira wenye taa kooni mpaka tumboni. Daktari amenyofoa vipande viwili vya nyama, vidogo kama punje za mchele. Humo, asema, ndimo kinamoishi kijidudu kilichonitapisha damu Ramadhani iliyopita, nikafungua mchana — mimi, msalishaji wa tarawehe! Dawa za aina mbili zimeshindwa nacho. Sasa kitaoteshwa maabara, ijulikane dawa ipi hasa inakiua. Bila ya jibu hilo, amesema, nisithubutu kufunga.

Aliyevipokea vipande ni Joweria, binti wa Kiganda ajaye mtaani kwetu Al Warqa kila Ijumaa kusoma Kurani kwa mke wangu. Kumbe kazi yake ndiyo hii.

Ijumaa, 20 Mei

Nimemwuliza Joweria kijidudu hulishwa nini. Damu ya kondoo, amesema, ndani ya kitu kinachoganda kama faluda. Mke wangu Kulusumu akamkatiza: asiitaje faluda yake pamoja na damu!

Kisha vijisahani vyenye chakula hicho hufungiwa katika chombo chenye hewa kidogo na joto kama la mwili. Ukikifungua kabla ya wakati wake — khalas, amesema, umekiua kijidudu.

Naye alikuwa na swali lake. Koti la kazi likirukiwa na damu ile, aswali nalo? Nimemjibu kwamba damu ni najisi: koti alivue, mikono aioshe, lakini kazi yenyewe ni ya kuponya watu, haina lawama. Akashusha pumzi. Amelibeba swali hilo tangu alipoajiriwa, maskini.

Jumanne, 24 Mei

Hakuna kilichoota.

Joweria amepiga simu na kuuliza tena: ni kweli Maalim hakutumia dawa yoyote wiki zile mbili kabla ya kipimo? Nikasema hata vidonge vya kiungulia niliviacha, nikaumia kwa subira. Kulusumu alikuwa akichagua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

Habasoda, zile mbegu nyeusi! Kila asubuhi, imesagwa, imekorogwa katika asali ya chai yangu.

"Uliambiwa usinywe dawa," amenijibu. "Ile si dawa, Maalim. Ile ni sunna."

Na hadithi yenyewe, ya Mtume kuisifu habasoda, nilimsomesha mimi. Tumecheka, ingawa si sana. Joweria asema huenda habasoda imekidhoofisha tu. Tungoje.

Ijumaa, 27 Mei

Baada ya sala ya alfajiri nikawaombea wazazi, kisha wanangu. Ulimi ukaendelea wenyewe: Ewe Mola, kiweke hai. Nikashtuka. Nimekiombea uhai adui wa saumu yangu! Nimeitafakari dua hiyo mpaka jua likachomoza. Sikuirudisha.

Adhuhuri Joweria ameleta habari mwenyewe, hata viatu hajavua. Vimeota! Vitone vyembamba mfano wa umande, vya kuhesabika. "Jeshi lako dogo, Maalim, lakini lipo!" Ni vichache mno kujaribiwa dawa, lazima vihamishiwe kwenye vijisahani vipya, vizaane.

Nimesema alhamdulillahi. Kulusumu akaniangalia kwa jicho la pembeni. Chai yangu sasa ni ya sukari tupu.

Ijumaa, 3 Juni

Vitone vimetosha. Leo, kabla ya kuja kwetu, Joweria amevitandaza upya na kuweka juu yake vijikaratasi vilivyotiwa dawa mbalimbali. Inayoua itaacha duara tupu kukizunguka kijikaratasi chake. Hakifunguliwi chombo mpaka Jumatatu.

Nikauliza kama haiwezekani kuchungulia Jumapili, mara moja tu.

"Maalim! Si wewe uliyetusomesha subira?"

Nimeona haya. Kulusumu akaficha kicheko ndani ya kanga.

Jumapili, 5 Juni

Mwezi umeandama. Wametangaza baada ya magharibi. Kesho ni Ramadhani.

Joweria ameandika kutoka kwake Al Rigga: Ramadhani karimu, na chombo hakifunguliwi mpaka kesho mchana. Daktari naye hajabadili neno lake. Lakini niya ya saumu haingoji mchana. Ni kabla ya alfajiri.

Ruhusa ya mgonjwa nimewafundisha wengi, na wakilia nikiwaambia kuikataa si uchamungu. Ilikuwa nyepesi kinywani.

Kulusumu ameniuliza kutoka jikoni: daku aandae ya watu wangapi?

Nasikia sahani moja ikigusa meza. Ya pili sijaisikia; bado ameishika, angoja neno langu.