Nondo wa Evance

Noela, soma hii halafu usinipigie. Sitaweza kuongea.

Asubuhi nilikuwa shambani kama kawaida, nahesabu nondo walionaswa kwenye mtego wetu wa wadudu wa pamba. Evance akatokea na kiberiti chake. Yule mkulima wa Mhunze niliyekwambia, anayeniletea nondo kila Jumatatu tangu Januari.

Nikafungua kile kiberiti. Nondo mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, mabawa ya kahawia, kila bawa na doa jeupe kama tone la maziwa. Aina ile ile. Nikamwambia kama siku zote, "Evance, huyu hali pamba. Usihangaike kumleta tena."

Akacheka. "Najua hali pamba, bibi shamba. Nimelima pamba tangu sijajua kuvaa suruali."

Alikuwa anajua! Noela, miezi yote hii alikuwa anajua!

Nikamuuliza, sasa kwa nini unamleta? Akatazama chini. Akasema baba yake ameshapeleka ng'ombe wa mahari Maganzo, kwa kina Scolastika, binti aliyemchagulia. Ndoa ni Jumamosi.

Ng'ombe wameshapokelewa, Noela. Wameshapokelewa.

Na mimi, na diploma yangu, nikasema nini? "Hongera." Nikarudi kuhesabu. Nondo mmoja nimemhesabu mara tatu.

Alishapanda baiskeli, akageuka.

"Nilikuwa nakuja kukuona wewe. Nilisubiri siku moja tu uniambie nirudi. Kila Jumatatu ukanikataza."