Mfongo Chini ya Banda la Ng'ombe

Jumatatu, 3 Februari
Nimekata majani ya ng'ombe, nimekamua, nimefagia. Kisha miche ya kahawa. Kopo moja la maji kwa miche sita, nusu ya jana. Mia tatu yote bado ina majani, lakini ya pembeni yameanza kujikunja.

Bomba limekauka siku ya sita leo. Mawe yaliporomoka huko juu yakavunja mabomba. Fundi anasema wiki tatu, labda nne. Miche haina wiki tatu.

Kahawa ya zamani niling'oa yote mwaka jana, nikijidai. Hii miche ikifa nabaki na kihamba hiki cha ukoo chenye migomba tu, na aibu. Wanangu wako Dar na wamekwisha sema: Mama, jenga vyumba vya wageni. Nitajengewa vyumba juu ya shamba la baba yao nikiangalia. Sitaki. Nimeandika hapa ili nisijidanganye: sitaki.

Jumanne, 4 Februari
Mama mkwe kanitazama nikibeba ndoo kutoka mtoni, mara ya nne. Ana miaka themanini na kitu, miguu imegoma, macho hayajagoma. Akasema enzi zao hakuna mwanamke wa Marangu aliyeteremka korongoni kutafuta maji kama mbuzi. Mfongo, mfereji waliouchimba mababu, ulipita hapo hapo uani.

Nimeolewa hapa miaka thelathini na nane. Nilifundisha jiografia. Niliwachorea watoto ubaoni mto Nile na mifereji ya Misri. Mfereji wa ukoo wa mume wangu sijawahi kuuona, kwa sababu nilikuja bomba likiwa limeshafika. Nimejiona mjinga.

Aliyebaki anayeujua ni Meku Aminieli, mzee wa kule karibu na msitu. Yeye ndiye aliyekuwa akigawa zamu za maji.

Jumatano, 5 Februari
Tulikwenda kwake wanawake watano, mimi, Mama Eli na wengine watatu. Shikamoo, marahaba, tukakaa. Nilipotaja kusafisha mfongo akafurahi. Nilipotaja nani watasafisha, akakunja uso. Akasema mwanamke hafiki kwenye chanzo. Akifika, maji yanakimbia.

"Wanaume wenu wako wapi?"

Nikamjibu ukweli. Wangu yuko kaburini, pale kwenye migomba. Wa Mama Eli yuko Dar. Wa wengine wako mlimani wanabeba mizigo ya wageni, wakirudi wanalala siku mbili.

Nilikuwa nimebeba jani la isale, jani la kuombea amani, ndani ya kanga. Nikapiga magoti nikampa kwa mikono miwili. Ukipewa isale hukatai, hata aliyekuulia ndugu akikuletea. Nilijua ninachofanya na yeye alijua ninajua. Mzee akalipokea, akaligeuza kiganjani. Nilimwonea huruma kidogo. Nimemwondolea hata nafasi ya kukataa.

"Ijumaa asubuhi," akasema.

Ijumaa, 7 Februari
Sijui nianzie wapi.

Meku alitangulia na fimbo. Kuna jiwe ambapo zamani mwanamke aliyepeleka chakula cha wachimbaji aliishia, anakiweka chini anarudi. Hapo Meku alivua kofia. Akasema maneno ya Kichagga kwa sauti ya chini, majina mengi, mengine sijawahi kuyasikia katika ukoo huu. Kisha akatupisha.

Mfongo umejaa majani na udongo lakini upo. Upo! Unaacha mto, unashika ubavu wa mlima, unazunguka. Penye mwamba mababu wamechonga mwamba. Penye bonde dogo wamejenga kwa mawe bila saruji na mawe hayajasogea. Mteremko ni mdogo mno, jicho halioni. Ukizidi, maji yanakula udongo. Ukipungua, yanalala. Mimi mwenye cheti cha jiografia nisingeweza kuuchora, sembuse kuuchimba.

Nilimwuliza walipimaje. Akanishangaa. Hawakupima. Walichimba hatua chache, wakaachia maji, wakaangalia yanataka kwenda wapi. Wakachimba tena. Hivyo hivyo mpaka chini, na aliyeanza hakuwa aliyemaliza.

Nilikaa kwenye nyasi. Watu wenye majembe waliishusha mito hii mpaka mlangoni kwangu. Nyumba ziko zilipo kwa sababu maji yalifika hapo. Mangi, mtawala wa Wachagga, alipata nguvu kwa maji, kahawa ya wamisionari ilinyweshwa kwa maji haya. Halafu bomba likaja, kila mtu na koki yake, na tukaacha kukutana. Jirani yangu wa chini namsalimia kanisani tu. Nilikuwa nikidhani ni tabia ya siku hizi. Kumbe hatukuwa na kazi inayotukutanisha.

Jumatatu, 10 Februari
Tuko kumi na nane sasa, wanaume wanne. Mgongo umekufa. Mchana kiburu cha ndizi na maharage, na pombe ya mbege.

Kutoka msituni kushuka ni rahisi. Tabu imeanza tulipoingia vihambani. Huyu kapanda mahindi ndani ya mfongo. Yule kajenga choo. Mwingine kapitisha ukuta. Nimewafokea wote. Mwalimu nimerudi kazini. Nimewaambia mababu zetu walichonga mwamba na wao wameshindwa kuheshimu hata shimo. Leo nitalala vizuri.

Miche arobaini imekufa.

Alhamisi, 13 Februari
Aibu. Niandike haraka niimalize.

Mfongo umefika mpakani kwangu, ukaingia, ukapotea chini ya banda la ng'ombe. Banda langu. Sakafu ya zege, nguzo za grevilea, bati jipya. Mama Eli alicheka mpaka akakaa chini. Wote walicheka. Yule wa choo alicheka kuliko wote, na ana haki.

Mume wangu alilijenga mwaka niliokuja, bomba likiwa bado jipya. Nakumbuka alivyosema ardhi pale imeshachimbika nusu, msingi utakuwa rahisi. Kila kokoto alilibeba mwenyewe. Baada ya mazishi nilikuwa naingia humo kulia, kwa sababu ng'ombe haulizi maswali.

Wakasema tuzungushe. Meku akaangalia, akatikisa kichwa. Kuzungusha ni kupandisha, na walio chini yangu hawatapata kitu. Nikasema nipeni mpaka kesho.

Jioni nimemweleza Mama mkwe. Nilitaka aseme usiguse kazi ya mwanangu. Ningemshukuru.

"Bomoa," akasema. "Alikosea."

Nimelia. Yeye pia, lakini hakubadilisha kauli.

Jumamosi, 15 Februari
Tulibomoa jana. Zege lilichukua siku nzima na nyundo tatu. Ng'ombe nimemfunga kwenye mgomba, amekasirika, hatoi maziwa.

Leo saa nne asubuhi Meku akafungua maji kule juu. Tulisikia kabla ya kuona, mchakacho mdogo kwenye majani makavu. Kisha ulimi wa maji ya kahawia, polepole, umebeba takataka, unasimama kila shimo unalijaza, unaendelea. Watu walitembea pembeni yake. Vijana walisahau kupiga picha. Maji yalipita katikati ya banda ambalo halipo, yakageuka yenyewe kuelekea kwenye miche, kwa sababu huko ndiko yalikopelekwa na watu ambao siwajui hata majina. Nimeogopa. Sina neno jingine. Nimeogopa kwa furaha.

Jumapili, 23 Februari
Miche mia moja tisini na saba hai. Inatosha kuanza. Wanangu wamepiga simu, hawakutaja vyumba.

Zamu yangu Jumanne na Ijumaa. Bomba litarudi, wanasema, na mfongo utabaki. Tumeelewana hivyo.

Baada ya ibada Mama mkwe alisema anataka kuona chanzo alichokatazwa kukifikia tangu aolewe. Pikipiki mpaka njia inapoishia, kisha mimi na Mama Eli tukambeba kwa zamu. Meku alikuwa huko anarekebisha mawe. Akamwona anakuja, akaacha kazi, akampa mkono avuke.

Mama mkwe alikitazama chanzo. Mawe kama kumi, gogo la mgomba, udongo na nyasi za kuziba.

"Kumbe ni kadogo hivi," akasema.

Alivua viatu, akaweka miguu ndani. Alikaa hapo mpaka kanga ikalowa magotini, na sisi hatukumharakisha.