Jirani Amemwona Marehemu Mke Wangu Kwenye Runinga Yake

Mama Zunilda, salamu kwako. Sijazoea kuandika magazetini. Mimi napiga zege. Mke wangu Nereyda alifariki Kwaresma iliyopita. Naomba unisaidie kabla sijavunja kitu au mtu.

Binti yangu Yokasta na mumewe Wilkin wanakaa juu, ghorofa niliyowajengea mimi. Huyo Wilkin alituletea kisanduku cheusi, kama tofali dogo. Kinakaa chini ya runinga yangu. Ndani kina diski moja. Anasema picha za simu zetu zote zinaingia humo zenyewe kwa waifai, zinatunzwa, na sisi wa nyumbani tunaziangalia tukitaka. Simu ya Nereyda nayo ilikuwa inaingia humo. Alipofariki simu ilifutwa, akapewa shemeji yangu. Kwa hiyo chake chote kimebaki humo kisandukuni.

Mimi sijakifungua. Siwezi.

Nikwambie ukweli, sikukiamini tangu kifike. Kinawaka taa usiku na mchana. Hakuna mtu anayekigusa, kinawaka. Niliweka sikio, kinakwaruza ndani kama panya. Kinaandika nini? Kinampelekea nani? Wilkin anacheka. "Baba mkwe, kinafanya kazi yake tu." Kazi gani hiyo isiyo na mwenyewe?

Sasa sikiliza. Jumapili tulikuwa tunacheza domino mbele ya duka la kona. Jirani yangu Quirino akapigiza kete yake mezani, akasema, "Eligio, Mungu amrehemu Nereyda, sauti mbaya lakini alikuwa anaimba kwa moyo!"

Nikamuuliza, "Ulimsikia wapi?"

"Jana, kwenye runinga. Anakoroga maharage ya sukari, kavaa shati lako la kazini. Anasema, 'Acha kunipiga picha, mbaya wewe, lete karafuu!'"

Meza nzima ikacheka.

"Runinga ya nani?"

"Yangu. Ilitokea tu, kaka, nilikuwa natafuta besiboli. Kwani wewe hujaiona?"

Ilitokea tu! Maiti gani huyo anayetokea tu kwenye runinga ya mtu? Nikachukua kiti changu nikaondoka, mchezo haujaisha.

Mama Zunilda, video hiyo siijui. Sikuipiga mimi. Mchana mimi niko kwenye zege, na Quirino ana mguu mbovu, anashinda nyumbani, na ukuta wa jiko langu ndio ukuta wa chumba chake, na Nereyda shati langu alikuwa halivai nje hata kwa kutupa taka, halivai, sasa huyo aliyekuwa ndani kwangu na simu mkononi akiambiwa "mbaya wewe" ni nani? Nimekuwa nakokotoa hilo nikichanganya mchanga, nikila, nikioga. Yokasta sijamuuliza. Nitamuulizaje mtoto jambo kama hilo kuhusu mama yake?

Juzi mke wa Quirino alituletea bakuli la maharage ya sukari, kama kila Kwaresma. Nililirudisha limejaa.

Wilkin naye kaja na jipya. Anataka kisanduku kirudishwe dukani tuchukue chenye diski mbili, eti kila kitu kiandikwe mara mbili. Duka linakubali kikirudi kitupu. Kitupu! Mbona haraka hivyo, baada ya Quirino kuropoka? Anaficha nini? Halafu mimi hapo nikafikiri, basi na kifutwe. Nisiione hiyo video mpaka nife. Ijumaa anakipeleka.

Sema wewe. Nichukue cha diski moja, mbili, au nikipige nyundo? Na Quirino nimfanye nini? Mwezi huu ni sala ya mwaka mmoja ya marehemu, na yeye ndiye anayeongoza rozari.

Eligio, Santiago

MAMA ZUNILDA ANAJIBU

Eligio, weka nyundo chini. Pole kwa msiba. Hiyo pole imetoka moyoni, ishike, maana yanayofuata ni makali.

Nijibu jambo moja: waifai ya nyumbani kwako anaitumia nani? Usinidanganye, na mimi ninakaa uchochoroni. Mnachanga, mnavuta laini moja, na neno la siri analijua kila mtu mpaka muuza mkaa. Hapo ndipo Nereyda alipopita. Kisanduku kile hakijui ukuta wala jirani. Mtu yeyote aliye kwenye waifai yako kinamwona ni mtu wa nyumbani, na kama hakikufungwa, runinga yake inakiorodhesha pamoja na vituo vingine. Kwangu mimi ilitokea sherehe nzima ya ubatizo wa mtoto wa jirani. Nilimwona kasisi akisinzia. Sikuingia kwa mtu.

Quirino alikuwa anatafuta besiboli kweli. Na mtu mwenye la kuficha hasimulii mbele ya meza ya domino.

Taa inayowaka ni picha zenu zinaingia, na huko kukwaruza ni diski inazunguka. Ungemuuliza mkweo usiku ule ule.

Sasa nani alishika simu? Mimi sikuwepo. Lakini tumia akili. Mwanamke anayemwambia mtu "lete karafuu" anasema na mtu aliyezoea kutumwa jikoni kwake. Quirino na mguu wake angetumwa karafuu? Una binti anayeshuka ngazi kila siku kuja jikoni kwa mama yake. Muulize hivi tu: "Yokasta, siku ile ya maharage nani alipiga video?" Swali hilo halimtukani mtu yeyote, wala mama yake.

Kuhusu kisanduku, mkweo ana haki, ingawa ni mzembe. Haki kwa sababu diski hufa bila kuaga, na ikifa iliyo moja, Nereyda kaenda mara ya pili. Chukueni chenye diski mbili, moja ikifa nyingine inabaki nayo yote. Mzembe kwa sababu alikiacha wazi. Akifunge, kila mtu awe na neno lake la siri, na kile kitu cha kujionyesha kwenye runinga akizime. Majirani msiwanyime, watengewe waifai ya wageni, isiyofika ndani kwenu. Umeme wenu ukikatika unarudi kwa kishindo, kwa hiyo wekeni na betri ya kukilinda.

Lakini diski mbili zikiwa ndani ya boksi moja zinaungua pamoja na zinaibwa pamoja. Kwa hiyo nunueni na diski ya pembeni, ya kuchomeka, ikae nyumba nyingine, kwa huyo shemeji yako. Na hapa nisikilize vizuri: Ijumaa hakiendi kitu dukani. Kwanza nakala itoke kwenye hiyo diski ya pembeni, ichomekwe kwenye mashine nyingine, ifunguliwe, ionekane inacheza. Hapo ndipo cha zamani kifutwe, si kabla. Ukikosea hapo hakuna fundi wa kukurudishia.

Na anayethibitisha kwamba inacheza ni wewe. Si Wilkin. Uchochoro mzima umemwona Nereyda kavaa shati lako, anaimba vibaya, anacheka. Wewe peke yako bado. Mwambie Yokasta akae pembeni yako.

Ukimaliza kulia, nenda mlango wa pili upige hodi, mwambie mke wa Quirino umekuja kuchukua bakuli lako.