Neno la Siri la Faudhia

Jumapili, 11 Mei 2025
Tumerudi Masasi jioni. Arobaini ya mama yangu kule Kitangari imepita salama, pilau ilitosha. Faudhia kateka maji tangu Ijumaa, mwanangu hoi. Nyumbani Scholastika kafagia hadi uani! Mtoto wa watu, kwao Lupaso, anasoma chuo kimoja na Faudhia, anaishi kwangu. Nawapakulia sinia moja.

Jumatatu, 12 Mei
Faudhia karudi analia. Kompyuta zote za chuo zimegoma — kirusi. Maksi za wanafunzi hazifunguki. Wanasema kimeingia Jumamosi, kwenye akaunti ya Faudhia. Wamemzomea getini: Mama Kirusi! Mama Kirusi! Nikamuuliza, umefanya wewe? Kasema hapana. Scholastika kainama, anachambua miiba ya samaki.

Jumanne, 13 Mei
Nimekumbuka! Jumamosi tulikuwa Kitangari! Kesho naenda chuoni mwenyewe. Faudhia kanishika khanga, mama nakuomba usiende. Haya zimemzidi huyu mtoto.

Jumatano, 14 Mei
Nimekwenda, na khanga mpya. Mwalimu wa kompyuta, Alfredi, kaniamkia shikamoo, kanipa kiti. Nikaeleza yote — arobaini, maji, nikampa na namba ya shehe. Akauliza, kwa hiyo Jumamosi hakugusa kompyuta? Hata kuiona! nikasema. Akaandika. "Asante mama, umetusaidia sana." Nimerudi na samaki mkubwa.

Alhamisi, 15 Mei
Wamemfukuza.
Sio kwa kirusi. Kwa kugawa neno la siri. Kila mwanafunzi ana lake la kufungulia kompyuta za chuo, kumpa mwenzako ni mwiko, walitia saini. Kumbe Jumatatu aliwaambia ni yeye, kabonyeza kitu kwa bahati mbaya. Wangempa onyo tu! Mimi ndiye nimewapelekea ushahidi kwamba ni mwingine. Sasa mwanangu mgawaji, tena mwongo.
Ulimpa nani? Scholastika. La kwake walilifunga kwa sababu ya kupakua muvi, akaomba la Faudhia, akapakua muvi ya bure — na kirusi ndani.
Kwa nini ulimpa?
"Aliniomba, mama. Si ulitukataza uchoyo?"
Nikimtaja Scholastika wanafukuzwa wawili. Faudhia harudi hata hivyo.

Ijumaa, 16 Mei
Scholastika karudi mchana. Shikamoo mama. Marahaba — mdomo umejibu wenyewe. Kanawa, kakaa mkekani. Nilitaka kumwambia maneno. Nimepakua.
Katikati ya kula kasema taratibu, Faudhia, ile laptopu yako kama huitumii tena niazime, tuna mtihani Jumatatu.
Faudhia kaileta! Kaiweka mkekani, kaifungua. Inadai neno la siri. Kaniangalia mimi.
"Mama, nimpe?"
Nimesingizia chumvi, nimekimbilia jikoni. Naandika hapa, mkono una mchuzi. Chumvi ninayo. Faudhia anaita tena. Na yule naye anaita, kwa adabu kabisa — mama, njoo tule, chakula kinapoa.