Mtu wa Chini ya Msumeno

Guangzhou

Kaka yangu Hemedi, pamoja nanyi wazee, mama na ndugu zangu mliohudhuria mkutano wa kijiji,

Nawasalimu kwa heshima. Natumaini ukungu wa asubuhi haujamzidishia shangazi kifua, na kwamba watoto wanakwenda shule wamevaa masweta niliyotuma. Mimi ni mzima. Joto la huku linanata mwilini, na kutwa napanda na kushuka ghorofa za nguo za Guangyuan Xilu nikiwapisha wabeba marobota, lakini nakula na nalala. Hayo yanatosha, sikuandika kuomba pole.

Nimemwomba mwenyekiti aisome barua hii neno kwa neno, kwa kuwa kaka Hemedi amekataa kunisikiliza tukiwa wawili.

Mnajua kwamba kaka, mwalimu mstaafu, ameandika historia ya kijiji chetu cha msituni, kilichoanzishwa na wapasuaji mbao, na kwamba leo mnataka kukitegemea kitabu hicho kuamua nani ni mwenyeji, abaki na kiwanja chake kando ya msitu, na nani aondoke. Alinitumia nikichapishe huku. Nilikipeleka kwa mchapaji wa mtaa wa Yide Lu, na wakati nasubiri nikakisoma. Katika sura ya waasisi nikakuta familia ya Zaina, binti wa marehemu mzee Athumani, imeitwa "wahamiaji wa baadaye." Nikamwambia laoban, ndivyo tunavyowaita wenye maduka huku, asimamishe mashine.

"Rafiki, karatasi nzuri," akasema kwa Kiswahili chake cha biashara. "Mbona hutaki?"

"Karatasi sina ugomvi nayo," nikamjibu.

Nikampigia kaka simu kumuuliza habari za waasisi amezitoa wapi.

"Kwenye mbao," akasema. "Nimeingia kila nyumba ya zamani, nimenakili alama za wapasuaji. Athumani hana alama hata kwenye mlango wa choo. Wewe chapisha, mdogo wangu. Umekaa Uchina mpaka umesahau mti wa mkulo unanukaje ukipasuliwa mbao."

"Na mtu wa chini ya msumeno, aliweka alama lini?"

"Mimi naandika ushahidi, siandiki huruma." Akakata simu.

Kaka, harufu ya mkulo sijaisahau. Wewe ndiye uliyesahau kazi iliyotulea. Gogo lililazwa juu ya shimo. Baba alisimama juu yake, akifuata mstari wa masizi. Athumani alisimama shimoni, akivuta msumeno kwa chini, na unga wote wa mbao ukammwagikia usoni. Wa juu ndiye aliyeona mstari, basi ndiye aliyechora alama kwenye ncha ya ubao. Wa chini hakuchora kitu, kwa sababu alipotoka shimoni alikuwa haoni. Tulimwosha macho kwa maji ya kijito, mimi na wewe. Wewe ndiye uliyeshika kata.

"Ndugu yangu," alimwambia baba huku maji yakimchuruzika, "wewe unakula anga, mimi nakula unga."

"Basi jioni usiguse ugali wangu," baba akamjibu, na wakaenda kula sahani moja.

Macho yale yalififia mapema kuliko ya wazee wenzake. Leo wewe, uliyeyaosha, unamwambia binti yake kwamba baba yake hakuwapo. Ingekuwa umesahau tu, ningekusahihisha kwa upole. Lakini kiwanja cha Zaina kinapakana na chako, kaka, na hilo hukuliandika kwenye kitabu.

Nanyi wazee mnaotikisa vichwa, nawauliza mbele ya watoto wenu: ni nani kati yenu aliyewahi kuona msumeno ule ukivutwa na mtu mmoja? Mlimjua Athumani. Mlimzika. Mlinyamaza kitabu kilipozunguka kwenu, na ukimya wenu umenichukiza kuliko uongo wa kaka.

Kitabu hakitachapishwa na mkono wangu. Nilichukua nakala yangu kwa laoban, nikafuta jina langu kwenye shukrani.

Nisalimieni shangazi yetu, mwambieni dawa yake ya kifua inakuja na mzigo. Nisalimieni mjomba, fundi seremala, ambaye natarajia asimame leo aseme anachokijua. Salamu zangu kwa Zaina ni za dada kwa dada. Na wewe wifi yangu, mke wa kaka Hemedi, nakuomba kwa heshima ukafagie chumba changu katika nyumba ya baba, kile nilichorithi. Mkutano ukimwondoa Zaina kwenye kiwanja chake, atahamia humo na wanawe, kwa idhini yangu hii, na kila asubuhi mumeo atamkuta uani.

Mimi mdogo wenu, niliyeandika nikiwa na akili timamu,

Mwanaidi