Ubavu wa Njia ya Kailo

Dar es Salaam, Jumamosi, tarehe 14 Juni

Koko, bibi yangu mpendwa,

Leo nitakuambia yote, hata yale ambayo mama angependa niyaruke. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe kwa miwani yako, bila kumpa mtu akusomee. Ukifika katikati utaelewa sababu.

Kwanza, umeamkaje? Mguu wako unaendeleaje na ukavu huu wa Juni? Muhogo wa shamba la Mikelenge umeshatolewa, au bado unawasubiri majirani waje kusaidia? Mama anakula vizuri. Jana alimaliza sahani nzima ya wali na samaki, kisha akalalamika kwamba watu wa hapa wanapika sombe, wao wanaiita kisamvu, bila mawese. Nilifurahi kusikia analalamika.

Sasa habari ya Alhamisi. Mwuguzi alituambia kwamba siku hiyo picha za mama zingetazamwa na madaktari watano pamoja. Niliogopa, Koko. Kwetu, madaktari wengi wakisimama kwenye kitanda kimoja, watu wanaanza kuita ndugu. Mama naye alifikiri hivyo hivyo. Alivaa kitenge kipya na kuniambia, "Kama njo mwisho, wanikute nimependeza."

Mwuguzi alicheka, kisha akatueleza. Hapa wanakaa hivyo kila Alhamisi kwa ajili ya wagonjwa wengi, na wengine wao wameshapona na kurudi kwao. Daktari mmoja huona zaidi kile alichosomea, yaani wa upasuaji anafikiria kukata na wa dawa anafikiria dawa. Wakikaa pamoja, kila mmoja analazimika kumsikiliza mwenzake kabla mgonjwa hajaguswa.

Walituita mwishoni. Picha za tumbo la mama zilikuwa ukutani, kubwa kama mlango. Anayeongoza kikao ni daktari mwanamke mwenye mvi, na alipozungumza alimtazama mama, si karatasi. Alisema ile kansa ya utumbo iliyokatwa mwaka jana imeacha mbegu moja kwenye ini. Ni moja tu, tena ndogo. Ugonjwa uliosambaa kidogo namna hiyo bado wanaweza kujaribu kuumaliza: kwanza dawa ya kuingizwa kwenye mshipa kwa miezi michache, halafu kukata kile kipande cha ini. Ini likikatwa, linakua tena. Niliandika kila neno katika daftari nililopewa na mwalimu wangu.

Lakini daktari wa picha alikuwa ameona alama ya pili, kwenye ubavu. Kwa macho yake inafanana na mfupa uliovunjika zamani ukajiunga wenyewe. Daktari wa dawa hakuridhika. Alisema kama hiyo nayo ni kansa, kukata ini peke yake hakutatosha, na mpango wote utabadilika. Daktari wa upasuaji akasema hashiki kisu mpaka wenzake wapatane. Yule daktari mwenye mvi aliwaacha wote wamalize, kisha akamgeukia mama.

"Mama, uliwahi kuvunjika ubavu? Hata ulipokuwa mtoto?"

Mama akakunjakunja pindo la kitenge chake. "Hapana, daktari."

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno yako. Kila mama aliposhika mchi kutwanga sombe siku za baridi, ulimnyang'anya ukisema, "Wacha. Ubavu ule ulishatembea njia ya Kailo." Siku niliyokuuliza maana yake, ulinituma maji, na pipa lilikuwa limejaa.

Tulipokaa nje kumenya machungwa nilimkumbusha mama njia hiyo mliyopita mkikimbia vita. Alisema madaktari walikuja kuhesabu ugonjwa, hawakuja kuhesabu vita. Nikamjibu kwamba katika picha ile vita na ugonjwa vinafanana, ndiyo maana wanauliza. Alimenya mpaka machungwa yakaisha.

"Niliahidi mama yangu sitasema," aliniambia. "Nilikuwa mutoto wa miaka tisa, lakini ahadi iko. Yeye akiniachilia, nitasema."

Nilirudi kwa madaktari nikawaambia kwamba yuko mtu anayejua, na kwamba ni wewe. Daktari wa picha alifurahi sana. Aliniomba nisikuandikie alama iko upande gani, ili jibu lako liwe lako kweli. Kwa hiyo sikuandika. Watakaa kikao tena kuhusu mama baada ya wiki mbili. Jibu lisipofika watachukua kipande cha mfupa kwa sindano. Hilo linawezekana pia, ila dawa itachelewa, na mama anaogopa ile sindano kuliko ugonjwa wenyewe.

Sikupiga simu kwa sababu unaijua simu ya dukani kwa Papa Kambale: usipowekewa sauti ya nje husikii, na ukiwekewa foleni nzima inasikia. Lakini yeye mwenyewe yuko hapa ananunua bidhaa, na anarudi Kindu kesho kutwa na barua hii. Ukishasoma, mwambie neno moja tu: kushoto, kulia, au hakuna. Atanitumia kwa simu, wala hatajua ni neno la nini.

Sitaki kujua ni nani aliyefanya, wala ilikuwa kijiji gani. Ukipenda kunisimulia siku moja, nitakaa nikusikilize, na sitakwenda kuteka maji. Sasa hivi nina imani, Koko. Niliwaona wale watu watano wakibishana juu ya mfupa mmoja wa mama kana kwamba ni mama yao.

Nisalimie mdogo wangu Aziza, asiache mazoezi ya hesabu. Nisalimie na mjomba wa Kampene akipita hapo nyumbani, na mwalimu wangu, umwambie daftari lake limepata kazi.

Ni mimi mjukuu wako,
Mapendo

Ukichoka kusoma yote, soma hili tu: je, katika njia ya Kailo ubavu wa mama ulivunjika? Na kama ulivunjika, ulikuwa wa upande gani?