Skrini ya Kanisa Yasema Haijui

Losa rafiki yangu, sikia ya leo kanisani. Wimbo wa kwanza tu, skrini ya kanisa ikaandika: "Swali hilo silijui."

Silijui, Losa. Mbele ya mchungaji aliyeonya kwamba ikikwama leo tunarudi kwenye vitabu vya nyimbo.

Mwanangu Sefo, aliyeunda programu ya kuonyesha nyimbo, alikuwa ametayarisha mapema kwenye hifadhidata maswali ya kuziomba, ili zije upesi. Kumbe makanisa yetu yote ya kisiwa cha Savai'i yanapokezana njia chache za kuifikia. Swali lililotayarishwa kwa njia hii likaulizwa kwa njia ile, ambako halikujulikana.

Shemasi Tavita akamcheka: "Kijana, umemnong'oneza Petro, sasa unamuuliza Paulo."

Sefo akaondoa matayarisho yote. Nyimbo zikaja, ila kwa kujikokota, mstari mmoja mmoja.

Mchungaji akamwambia, "Usiiguse tena programu hiyo. Leo waimbaji wa besi, wanaobaki nyuma siku zote, wamemaliza pamoja na wenzao."

Programu imepona. Sefo kanuna kwa kuwa kasi yake haikutakiwa, hata magimbi ya taro hajayaonja.